CNC ya kuchonga mbao uani kwako: hela iende kwenye reli

Mashine yangu ya kwanza ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ilitembea juu ya reli za droo, zilezile ninazofunga kila wiki kwenye makabati ya wateja. Nilijiona nimepatia. Nikaiamuru ichore duara, ikachora kiazi. Nikakaza kila nati niliyoiona, ikachora kiazi kingine. Nilipokishika kichwa cha mashine kwa vidole viwili na kukitikisa, kilicheza karibu milimita mbili bila mota kuzunguka hata kidogo. Mota zilikuwa nzuri, programu haikuwa na kosa. Mkono wa birika ulikuwa wangu, na niliuonyesha mahali pabaya.

Hii ninayoieleza hapa ni ya pili, na mpaka leo inafanya kazi kwenye karakana yangu Keko. Eneo lake la kuchonga ni milimita 300 kwa 400: linatosha kibao cha namba ya nyumba, ua la kichwa cha kitanda, nembo ya duka. Inakula plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), mtiki na mninga. Chuma usiipe. Ilinimaliza chini kidogo ya milioni moja, nikiwa tayari na ruta ndogo ya mkono, yaani ile mashine inayozungusha biti ya kukatia.

Hatua ya 1: Vifaa

Hizi niliziagiza China kupitia wakala wa mizigo, reli kwa meli kwa sababu ya uzito, vya umeme kwa ndege:

- Reli za SBR16, yaani shafti ya milimita 16 iliyokaa juu ya kitako cha aluminiamu: jozi ya milimita 800 na jozi ya 500. Kila jozi na vitelezi vyake vinne.
- Jozi fupi ya SBR12, milimita 200, ya kupandisha na kushusha ruta.
- Mota tatu za NEMA 23, zile zinazozunguka hatua kwa hatua, na draiva tatu za TB6600 za kuziendesha.
- Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayozipa draiva amri, na pawasaplai ya volti 24, ampea 15.
- Skrubu ndefu za T8 na nati zake zenye springi. Mbili ziwe za kusogea milimita 8 kwa mzunguko, ya tatu milimita 2. Sababu nitaisema.
- Kaplingi za kuunganisha 6.35 na 8. Shafti ya NEMA 23 mara nyingi ni 6.35, skrubu ni 8. Ukikosea hapa unasubiri mzigo mwingine.

Bolti, nati na washa utazipata Gerezani na Kariakoo. Bei siandiki, maana pale kuna bei ya bidhaa na bei ya uso. Nunua bolti za M8 na M5 zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 2: Msingi na daraja

Daraja ni ile boriti inayobeba ruta juu ya meza. Kuna mashine ambazo daraja ndilo linalotembea. Kwa bajeti hii, lifunge daraja lisimame palepale, meza ndiyo itembee chini yake. Mashine inakula nafasi zaidi sakafuni, lakini daraja lililosimama ni rahisi kuliimarisha.

Msingi wangu ni plaiwudi ya marine ya milimita 18, mbili zimegundishwa zikawa 36, ukubwa wa 900 kwa 500, na mbavu za mbao chini yake. Wengi watakuambia uchomelee fremu ya chuma. Sawa, ila chuma kikichomelewa kinavuta, na kukinyoosha ni kazi ya karakana yenye mashine zake. Mbao naijua na mbao inanitii.

Daraja liwe fupi kadiri kazi yako inavyoruhusu. Mimi niliacha milimita 80 kati ya meza na daraja. Kila sentimita unayoliinua unaongeza mtikisiko. Lifunge kwa bolti za M8 zinazopita upande wa pili, na matundu yawe mapana kidogo kuliko bolti, kwa sababu baadaye utalisogeza. Paka rangi kila upande, hata chini. Unyevu wa Dar unaipata mbao palepale ulipodhani hapaonekani.

Hatua ya 3: Reli

Hapa tenga siku nzima, na usifanye kazi nyingine.

Anza na reli moja ya meza. Ilaze kandokando ya rula ndefu ya chuma au pembe ya aluminiamu uliyohakikisha imenyooka, kaza bolti zake kuanzia katikati kwenda pembeni. Reli hii sasa ndiyo bwana mkubwa, haisogezwi tena.

Ya pili usiikaze. Weka bolti zake zishike kwa vidole tu, halafu funga meza juu ya vitelezi vyote vinne. Sukuma meza mpaka mwisho wa upande mmoja, kaza bolti ya hapo. Isukume mpaka mwisho wa pili, kaza. Endelea na za kati, kila mara ukiileta meza hadi karibu na bolti unayoikaza. Kwa njia hii meza yenyewe inaifundisha reli ya pili ikae sambamba na ya kwanza. Ukimaliza, meza iende mwanzo hadi mwisho kwa kidole kimoja. Ikiwa nyepesi katikati na nzito mwishoni, reli zinakaribiana au zinaachana. Legeza, rudia.

Sambamba peke yake haitoshi, maana reli moja inaweza kuwa juu kuliko nyingine pembe moja. Nenda kwa mafundi wa aluminiamu, omba kipande cha kioo cha milimita 6. Kioo cha kawaida cha dirisha kimenyooka kuliko kitu kingine chochote utakachokipata kwa bei hiyo. Toa meza, kilaze kioo juu ya reli zote mbili, kisha gonga pembe zake kwa ukucha. Pembe inayolia *tak-tak* imeachwa hewani. Kata kipande cha kopo la soda, unene wake ni kama moja ya kumi ya milimita, kipenyeze chini ya kitako cha reli upande ule. Gonga tena. Mimi nilitumia vipande vitatu pembe moja na kimoja nyingine, mpaka kioo kikanyamaza.

Reli za daraja zifunge kwa mtindo uleule. Mwisho wa siku pitisha mafuta ya cherehani kwenye shafti zote. Upepo wa bahari unafika Keko vizuri tu, na shafti iliyoshikwa na kutu inakula beringi.

Hatua ya 4: Skrubu na mota

Skrubu za milimita 8 ziende kwenye meza na daraja, zinataka mwendo. Ile ya milimita 2 iende kwenye ruta. Skrubu yenye hatua kubwa, umeme ukikatika, uzito wa ruta unaweza kuizungusha yenyewe, na kichwa kikashuka taratibu ndani ya kazi ya mteja. Ya milimita 2 inajishika.

Nati ifunge mwisho, meza ikiwa karibu kabisa na mota. Ukiifunga ikiwa mbali, skrubu inajipinda kufuata kosa lako na hutaliona, ila meza ikirudi kwenye mota itang'ang'ania.

Hatua ya 5: Umeme

Kabla ya kuchomeka chochote, angalia ubavu wa pawasaplai. Nyingi zina kijiswichi kidogo chekundu cha kuchagua 110 au 220. Yangu ya kwanza ilikuja ikiwa kwenye 110. Nikachomeka kwenye soketi, ikapiga mlio mmoja kama fataki ya Iddi, ikatoa moshi, basi. Hata feni yake sikuwahi kuisikia.

X na Y ni mwendo wa kwenye meza na daraja, Z ni ruta kupanda na kushuka. PUL ni mapigo ya kusogea, DIR ni mwelekeo. Kwenye kila draiva, PUL- na DIR- ziunge pamoja na GND (hasi) ya Arduino. PUL+ ya X iende pini ya 2, ya Y pini ya 3, ya Z pini ya 4. DIR+ ziende 5, 6 na 7 kwa mpangilio huohuo. ENA ziache wazi. Vijiswichi vya draiva viweke kwenye mgawanyo wa 8, na ampea kulingana na kibandiko cha mota, usizidishe.

Swichi za kikomo, zile zinazoguswa mashine ikifika mwisho wa reli, ziende pini 9, 10 na 12. Waya zake zipitishe mbali na waya wa ruta. Mota ya ruta ina brashi zinazotoa cheche, na cheche hizo zinaidanganya Arduino kwamba swichi imeguswa. Mashine yako ikisimama katikati ya kazi bila sababu, mchawi ndiye huyo. Tumia waya wenye wavu, na kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya pini na GND.

Na usichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme. Inakufa papo hapo.

Hatua ya 6: Programu

Weka GRBL kwenye Arduino, ni programu ya bure inayogeuza amri za kompyuta kuwa mwendo wa mota. Kisha fungua Universal Gcode Sender kwenye kompyuta mpakato, unganisha kwa mwendo wa 115200, andika `$$`. Utaona orodha ya mipangilio. Ya muhimu ni hii:

```
$100=200
$101=200
$102=800
```

Ni idadi ya mapigo kwa kila milimita. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inazigawa mara 8, zinakuwa 1600. Gawanya kwa 8 upate 200, na kwa skrubu ya milimita 2 upate 800. Mwendo wa juu, `$110` na `$111`, anza na 1500 (milimita kwa dakika). Mhimili ukienda kinyume, rekebisha kwa `$3`. Washa `$22=1` ili mashine iweze kutafuta nyumbani kwake, yaani kwenye swichi za kikomo, kwa amri ya `$H`.

Iamuru isogee milimita 200, kisha pima. Ikienda 198, watu wengi hukimbilia kubadilisha namba. Subiri kwanza. Skrubu haiwezi kukosea milimita mbili nzima. Kagua kaplingi, huenda inateleza kwenye shafti.

Hatua ya 7: Kalamu kabla ya ruta

Funga kalamu mahali pa ruta, weka karatasi, tuma hii:

```
G21 G90
G0 X0 Y0
G1 X300 F800
G1 Y400
G1 X0
G1 Y0
```

Kalamu ishushe mwenyewe kwa kubonyeza Z kwenye programu. Pima kutoka kona hadi kona. Seremala yeyote anaijua hii: tatu, nne, tano. Kwa 300 na 400 mlalo lazima uwe 500, milalo yote miwili. Mmoja ukiwa 501 na mwingine 499, legeza bolti za daraja upande mmoja, ligonge kwa nyundo ya mpira, kaza, chora tena. Ndiyo maana ya matundu mapana ya hatua ya 2.

Hatua ya 8: Mbao

Juu ya meza funga kipande cha MDF, huo ni ubao wa kafara. Ruta iupitie wote na kuusawazisha, na baada ya hapo kila biti inayopenya chini inaumiza kafara badala ya meza.

Kwa biti ya milimita 3 kwenye MDF anza na mwendo wa milimita 800 kwa dakika, kina cha milimita 1 kila pito. Mninga nautembeza 600. Sikiliza na uangalie kinachotoka. Kikiwa chembe za mbao, sawa. Kikiwa unga mlaini na harufu ya kuungua, biti inasugua badala ya kukata: ongeza mwendo au punguza mizunguko ya ruta. Vaa barakoa, hasa kwa MDF na mvule, vumbi lake halina huruma na kifua.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Arduino inakula umeme wa kompyuta kupitia USB, kwa hiyo haina habari kwamba mota zimekufa. Inaendelea kuhesabu na kujiona iko mbali, huku biti imesimama ndani ya mbao. Kwa hiyo kila ninapoanza kazi napiga `$H`, ndipo naweka sifuri ya mbao, yaani mahali kazi inapoanzia, kwa `G10 L20 P1 X0 Y0 Z0`. Sifuri hiyo inabaki kwenye kumbukumbu hata ukizima kila kitu.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza zima swichi ya ruta, la sivyo utarudi na itaanza kunguruma mkono wako ukiwa kwenye koleti, yaani mdomo unaoshika biti. Ukirudi, piga `$H`. Z hupanda kwanza, biti inatoka salama. Sifuri yako iko palepale, unaanzia mstari uliokatikia.

Siku niliyochonga kibao cha kwanza cha mninga, mzee wa karakana ya jirani alikuja kukiangalia. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, macho kwenye kibao. Akapitisha kidole kwenye herufi E.

"Hizi kona za ndani mbona za duara?"

"Biti ni ya duara, mzee. Kona kali haiwezi."

Akachomoa patasi mfukoni, akazikata zote nne kwa pumzi moja, akanirudishia kibao.

"Kona moja mia tano," akasema.