Ukienda kusikiliza bluegrass kwenye sherehe za mji, kaa mbele

Ndugu zangu mnaoishi Kentucky na Tennessee, huku Marekani, mji mdogo wa huko ukiadhimisha miaka ya kuanzishwa kwake, mara nyingi huandaa bustanini muziki wa bluegrass, yaani muziki wa kienyeji wa Marekani unaopigwa kwa vyombo vya nyuzi, na aghalabu hakuna kiingilio. Nendeni! Ila msikae kule nyuma kwenye magari ya chakula, sauti haitawafikia vizuri, kwa sababu vyombo vya muziki huu kwa kawaida havitumii umeme: banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi kubwa ya kusimama. Ngoma kwa kawaida hakuna. Bendi nyingine huzunguka kipaza sauti kimoja tu, na mwenye zamu ya kupiga peke yake husogea mbele huku wenzake wakimpisha. Kuwatazama wakipishana ni nusu ya utamu. Akimaliza kipande chake mpigie makofi papo hapo, wimbo ukiendelea. Ndiyo adabu ya hapo.

Sikilizeni sana banjo. Asili yake ni Afrika Magharibi, ilikuja na watu waliouzwa utumwani, na nadhani watoto wetu wanastahili kuambiwa hivyo wakiwa wameiona kwa macho. Mtindo wa kuipiga kwa vidole vitatu ulivuma baada ya mpiga banjo Earl Scruggs kujiunga mwaka 1945 na bendi ya Bill Monroe, baba wa bluegrass, mzaliwa wa Rosine, Kentucky.

Kiti cha kukunja kiwe kifupi ili wa nyuma waone. Maji na kofia msisahau, kivuli huwahiwa mapema.