Kumsaidia mwanafunzi anayejifunza kwa namna tofauti, pamoja na mwalimu wake

Katika darasa la tatu lenye wanafunzi 80, jambo la kawaida katika shule nyingi za umma nchini Tanzania ingawa uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, wapo watoto ambao ubongo wao hupokea na kupanga mambo tofauti na wenzao. Baadhi yao wana usonji (autism), yaani hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, wengine wana disleksia inayowafanya wasome kwa taabu, na wengine umakini wao hukatika haraka na miili yao haitulii, hali inayojulikana kwa kifupi cha ADHD. Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa darasa la kawaida, asiye na msaidizi wala chumba maalumu, pamoja na mwalimu mkuu wake. Mwalimu mkuu anahusika tangu mwanzo, kwa sababu shule isipojiwekea utaratibu, haki ya mtoto huyu hugeuka kuwa hisani ya mwalimu mmoja, na hupotea siku mwalimu huyo anapohamishwa.

Anza kwa kuangalia na kuandika. Kwa muda wa wiki mbili au tatu, andika katika daftari dogo kile unachokiona: saa, somo, kilichotangulia, alichokifanya mtoto na kilichofuata baadaye. Maneno kama “mvivu” au “mtukutu” hayamsaidii mtu yeyote atakayelisoma daftari hilo. Linalosaidia ni kama hili: “Saa 4:30 asubuhi, kengele ya kumaliza mapumziko ilipogongwa, aliziba masikio akaingia chini ya dawati, alitoka wenzake walipokwisha kuketi na kunyamaza.” Maelezo ya namna hiyo yakijirudia mara tatu au nne, tayari umeshajua kwamba tatizo ni kelele, na unajua pa kuanzia.

Kabla ya kufikiria jambo lolote kubwa, hakikisha macho na masikio ya mtoto yamepimwa katika kituo cha afya, kwani asiyeuona ubao vizuri naye huonekana hajui kusoma. Kumtambua rasmi mtoto mwenye usonji au ADHD ni kazi ya wataalamu; kazi yako ni kuwafikishia taarifa sahihi kupitia mwalimu mkuu na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Kwa walimu wa Kenya, njia hiyo hupitia vituo vya EARC, yaani vituo vya kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto. Wakati huo huo, usisubiri majibu ya hospitali ndipo uanze kumsaidia mtoto, kwa sababu karibu kila kinachoelezwa hapa chini hakimdhuru asiye na tatizo.

Yapo mambo mawili yanayowapotosha walimu mara nyingi. La kwanza ni orodha za dalili za usonji zilizotungwa nje, ambazo hutilia mkazo mtoto asiyemtazama mtu machoni. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa, hivyo mwangalie anapokuwa na watoto wenzake, uone kama anaingia katika mchezo wao na kama anaelewa wanapotaniana. La pili ni wasichana. Msichana mwenye upungufu wa umakini mara nyingi hasumbui mtu. Hukaa kimya akitazama dirishani, daftari lake likiwa na sentensi mbili ambazo hazijakamilika, na kwa sababu hana fujo hakuna anayemwandika popote.

Kusoma kunahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa lugha yetu ina tabia yake. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma maneno kwa usahihi lakini kwa mwendo wa polepole mno, na mwalimu akadhani kwamba anajikokota kwa makusudi. Silabi za ba, be, bi, bo, bu humshinda mara chache. Anakwama kwenye nyu-mba na ng'o-mbe, ambako herufi mbili au tatu hubeba sauti moja au hubanana mwanzoni mwa silabi. Kuchanganya “baba” na “dada” ni jambo la kawaida katika darasa la kwanza, ila linapoendelea hadi darasa la tatu linastahili kufuatiliwa. Kisha kuna vitenzi vyetu virefu. Mtoto anayesoma silabi moja moja akikutana na “hawatatusomesha”, hufika mwishoni akiwa amekwisha kusahau mwanzo. Mfundishe kulikata neno kwa penseli katika vipande vyenye maana, yaani ha/wa/ta/tu/somesha, na darasa zima lifanye zoezi hilo pamoja ili asionekane kuwa peke yake.

Kata kipande cha boksi la chaki, kifanye kuwa na upana wa kiganja, ukitoboe tundu refu lenye kimo cha mstari mmoja wa kitabu. Mtoto akikiweka juu ya ukurasa huona mstari anaousoma tu, na macho yake hayarukii mstari mwingine. Usimsimamishe asome kwa sauti mbele ya darasa bila kumpa siku moja kabla kifungu atakachokisoma, kwa sababu aibu ya dakika mbili inaweza kumfanya achukie kusoma kwa miaka mingi. Katika imla, mpe maneno matano badala ya kumi. Katika somo la Sayansi au somo jingine lisilo la lugha, sahihisha maarifa yake bila kumkata alama za tahajia, na ikiwezekana mruhusu ajibu kwa mdomo. Mwanafunzi huyu akiingia kidato cha kwanza na kuanza kufundishwa kwa Kiingereza, ambacho tahajia yake haifuati matamshi, ugumu huongezeka ghafla, kwa hiyo ni vizuri walimu wa sekondari wapewe taarifa zake mapema.

Kwa mtoto mwenye usonji, jambo linalotuliza kuliko yote ni kujua kitakachofuata. Andika au chora ratiba ya siku kwenye kona ya ubao, futa kila kipindi kinapokwisha, na kama kutakuwa na mgeni, mtihani au mabadiliko ya chumba, mwambie mapema, ikiwezekana jana yake. Mpe maagizo mafupi na ya moja kwa moja. “Fungua ukurasa wa 12” inaeleweka kuliko “haya, nadhani sasa tunaweza kuendelea”. Mwalimu wa zamu anaweza kumtuma akae mbali na kengele dakika moja kabla haijagongwa. Akilemewa na kulia au kupiga kelele, punguza maneno, waondoe wanaomzunguka, na umwache atulie mahali mlipokubaliana tangu awali. Mahubiri ya nidhamu katika dakika hiyo hayamfikii.

Mwenye ADHD mpe kazi kwa vipande. Maswali kumi yagawe mara tatu, na kila akimaliza fungu moja akuletee daftari, kwani kutembea huko kutoka dawati hadi mezani kwako ndiko kunakompa nafasi ya kutumia mwili wake. Mkabidhi kazi za kufuta ubao na kugawa madaftari. Kumchapa kwa sababu hakutulia hakumfundishi kutulia, na ninalisema hili kwa mkazo kwa kuwa watoto hawa ndio huongoza kwa kuchapwa katika shule nyingi.

Kuhusu mitihani ya taifa nchini Tanzania, Baraza la Mitihani limeweka utaratibu wa kuwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwalimu wa taaluma aulizie mapema, kabla ya usajili kufungwa, ni uthibitisho gani unaotakiwa, na muda huo wa ziada utumike pia katika majaribio ya shule ili mtoto auzoee. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwalimu mkuu msingi wa kuomba msaada huu, na anapoiandikia halmashauri ataje sheria hiyo.

Mzazi aitwe kwa heshima, na mazungumzo yaanze na kile ambacho mtoto anakiweza. “Mama, mwanao anajua hesabu za kichwa kuliko wenzake wengi, kusoma ndiko kunakomchelewesha, nami ningependa tusaidiane.” Wazazi wengi wamekwisha kuambiwa kwamba mtoto amerogwa au wamemdekeza, na wanafika shuleni wakiwa wamejiandaa kulaumiwa.

Mwalimu naye anachoka, na uchovu wake ni suala la shule nzima. Vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, vinaweza kutenga muda wa kujadili mtoto mmoja kwa kusoma lile daftari la kumbukumbu, kila mwalimu akieleza kilichofaa katika somo lake. Kama katika kata yuko mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi, Afisa Elimu Kata amwombe awatembelee wenzake darasani, kwa kuwa kumwona mtu akifanya kunafundisha haraka kuliko semina. Mwalimu mkuu asimrundikie mwalimu mmoja watoto wote wenye mahitaji kwa sababu tu “anawaweza”, na ampunguzie zamu anayebeba mzigo mkubwa.

Kabla ya shule kufungwa mwezi Desemba, mwalimu wa darasa aandike ukurasa mmoja kwa kila mtoto wa aina hii: kinachomsumbua, kinachomtuliza, namna anavyosoma vizuri zaidi, na nani wa kumpigia simu nyumbani. Nakala moja ikae kwa mwalimu mkuu, nyingine akabidhiwe mwalimu atakayempokea Januari, na wawili hao waupitie ukurasa huo pamoja kabla ya kuagana.