Kikombe kwanza, maziwa baadaye, ziwa mwisho: jinsi ya kumhamisha mtoto anayenyonya

Mtoto aliyezoea ziwa la mama anabadilishiwa mambo matatu: chombo anachonywea, ladha ya kinywaji, na faraja ya kuwa kifuani. Kosa kubwa ni kuyabadilisha yote siku moja. Anapewa kikombe asichokijua, ndani yake maziwa asiyoyajua, na ziwa limefichwa. Akigoma, mzazi hawezi kujua amegomea lipi. Ndiyo maana hapa tunayatenganisha, na ni vizuri kutohamia hatua inayofuata kabla ile iliyotangulia haijakaa sawa.

Mwongozo huu ni wa mtoto aliyetimiza miezi 12 na anayekula vyakula vya kawaida angalau mara tatu kwa siku. Chini ya umri huo maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa kinywaji chake kikuu: yana madini ya chuma kidogo, protini na chumvichumvi zake ni mzigo kwa figo changa, na yanaweza kuufanya utumbo uvuje damu kidogo kidogo bila mtu kuona. Anayeacha ziwa kabla ya mwaka anahitaji maziwa maalumu ya watoto wachanga. Kwa aliyevuka mwaka, hakuna haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, pamoja na chakula. Unaweza kabisa kufuata hatua mbili za kwanza tu, kisha ukaendelea kunyonyesha asubuhi na usiku.

Usianze mtoto akiwa mgonjwa, meno yakimsumbua, wiki mliyohama nyumba, au mdogo wake akiwa ndiyo kwanza amezaliwa. Subiri wiki mbili mambo yatulie.

Hatua ya 1: Kikombe, na kitu anachokijua ndani yake

Chagua kikombe kidogo cha wazi cha ml 60 hadi 100, chenye ukingo laini na ikiwezekana mikono miwili. Kikombe chenye kifuniko na mdomo kinafaa pia, mradi kinatiririsha chenyewe. Kipime hivi: tia maji, kifunge, kigeuze juu chini. Kikidondosha, kinafaa. Kisipodondosha, kina vali ndani, na mtoto atalazimika kufyonza kama anavyofyonza chupa. Hapo hajifunzi kunywa kwa funda, na vali yenyewe huficha mabaki ya maziwa hadi ikaota ukungu.

Kama mtoto hajawahi kutumia chupa ya kunyonyea, usimwanzishie sasa. Utakuwa umejiongezea kazi ya kumwachisha kitu kingine, na chupa ya maziwa anayolala nayo hulowesha meno kwa sukari ya maziwa usiku kucha.

Mkalishe wima, mgongo umeegemea, asilale mkononi. Tia maji au maziwa yako uliyokamua, nusu ya kikombe. Wengi hutia matone machache kwa kuogopa kumwagika, lakini kikombe kikiwa karibu kitupu inabidi kichwa kirudi nyuma sana, na hapo ndipo mtoto hupaliwa. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha hadi kinywaji kiguse mdomo, kisha usubiri. Usimmiminie. Yeye mwenyewe avute, afunge mdomo, ameze. Akimeza, shusha kikombe apumzike.

Aliyemiminiwa akapaliwa huogopa kikombe kwa siku kadhaa. Hilo likitokea, acha siku moja, kisha mpe kikombe kitupu achezee, akuone nawe ukinywea cha kwako mbele yake.

Fanya hivyo wakati wa chakula, mara mbili au tatu kwa siku. Kumwaga ni sehemu ya kujifunza, kwa hiyo mvalishe bibu na umwache ashike mwenyewe. Yuko tayari kwa hatua ya pili pale anapomeza funda tatu au nne mfululizo bila kupaliwa. Kwa wengi ni wiki moja hadi mbili, wengine zaidi.

Hatua ya 2: Maziwa mapya

Hadi atimize miaka 2, mpe maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta, kwa sababu anahitaji nishati na vitamini A iliyomo kwenye mafuta hayo. Yawe yamechemshwa au yametibiwa kiwandani. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na bruselosi, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo. Maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari si mbadala. Kama hatumii maziwa ya mnyama, chagua ya soya yasiyo na sukari yaliyoongezwa madini ya kalisi. Kinywaji cha mchele kisiwe maziwa yake ya kila siku, kwa kuwa kinaweza kuwa na aseniki, aina ya sumu, nyingi kuliko inavyomfaa mtoto wa umri huu.

Siku ya kwanza mpe ml 30 tu, asubuhi, ili uwe na mchana mzima wa kumtazama. Vipele vya ghafla, uvimbe wa midomo au macho, kutapika tena na tena, au damu kwenye choo: acha maziwa hayo na umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, hiyo ni dharura. Kama amekuwa akila mtindi bila tatizo, huenda maziwa nayo yasimdhuru, lakini bado anza kidogo.

Baadhi ya watoto huyapokea papo hapo. Kwa anayeyatema, changanya na maziwa yako. Kwa kikombe cha ml 60: siku tatu za kwanza ml 45 za maziwa ya mama na ml 15 za mapya, siku tatu zinazofuata nusu kwa nusu, kisha ml 15 kwa ml 45, kisha mapya matupu. Akikataa kiwango fulani, rudi cha nyuma kwa siku mbili. Changanya kidogo kidogo, maana kinachobaki kwenye kikombe alichonywea kimwagwe ndani ya saa mbili.

Joto nalo lina maana. Amezoea maziwa ya joto la mwili, kwa hiyo ya friji yatamshtua hata kama ladha haimsumbui. Yapashe hadi tone kwenye kifundo cha mkono wako lisionekane moto wala baridi, halafu punguza joto hilo taratibu kadiri siku zinavyokwenda. Usitie sukari. Maziwa ya mama ni matamu zaidi, na mzazi huona ni huruma kuyafananisha, lakini akishazoea sukari hatayataka matupu.

Kiasi ndicho watu hukosea zaidi, na hukosea kwa kuzidisha. Lengo ni ml 350 hadi 500 kwa siku, zikigawanywa kwenye vikombe vya ml 100 hadi 150, na kama bado ananyonya mara kadhaa anahitaji pungufu ya hapo. Anayekunywa lita nzima hushiba maziwa na kuacha chakula chenye madini ya chuma, na kalisi ya maziwa yenyewe hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo. Matokeo yake ni mtoto mnene wa kupendeza macho, kumbe damu yake imepungua. Choo kigumu nacho mara nyingi hutokana na maziwa mengi na maji kidogo. Mpe maziwa baada ya chakula, na katikati ya mchana mpe maji.

Asiyetaka maziwa kabisa asilazimishwe. Mtindi, jibini, na uji uliopikwa kwa maziwa vinahesabika.

Hatua ya 3: Kupunguza kunyonya

Kwa siku mbili, andika kila anaponyonya: saa ngapi, na kwa nini. Njaa, usingizi, uchovu, ameanguka, amekuona tu umekaa. Utagundua kwamba nyingi si za njaa, na kikombe hakiwezi kuziba pengo la kubembelezwa.

Anza na lile nyonyo, yaani ile mara ya kunyonya, asilolijali sana. Mara nyingi ni la mchana. Dakika 15 kabla ya muda wake, mpe kikombe na kitafunwa, mahali tofauti na pale mnaponyonyeshea. Ni vizuri mtu mwingine ampe, mama akiwa chumba kingine, kwa sababu mtoto akisikia harufu ya maziwa yako kikombe hakina nafasi. Ondoa nyonyo moja, kaa siku tatu hadi saba, ndipo uondoe lingine. Akiomba, mpe. Asipoomba, usimkumbushe.

La kulalia huwa la mwisho. Lisogeze mbele: anyonye, anywe maji kidogo, apigwe mswaki, kisha ndipo wimbo na kulala. Kwa usiku wa manane, punguza dakika moja au mbili kila baada ya siku mbili, hadi zikibaki mbili au tatu umbembeleze bila ziwa.

Kupaka kitu kichungu kwenye chuchu, au mama kuondoka siku kadhaa, siwashauri hata kidogo. Mtoto hupoteza faraja yake bila kuelewa, na matiti hujaa kwa mkupuo.

Nepi zake ziwe zimelowa vizuri angalau mara nne kwa siku. Zikipungua, midomo ikikauka au mkojo ukawa wa rangi nzito, ongeza vinywaji na usitishe kupunguza. Asipokojoa kwa saa nane, au akilegea, mpeleke hospitali.

Matiti ya mama katika kipindi hiki

Titi likijaa hadi kuuma, kamua kiasi cha kuondoa mkazo tu. Ukilikamua likaisha, mwili huelewa kwamba unahitaji kutengeneza zaidi. Kitambaa baridi kwa dakika 10 hadi 15 husaidia. Kujifunga kifua kwa nguvu huziba mirija. Ukiona sehemu nyekundu yenye maumivu pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na endelea kutoa maziwa hadi upone, kwani kuacha ghafla wakati huo kunaweza kuleta jipu. Na kama hutaki mimba nyingine sasa, panga njia ya uzazi wa mpango mapema: kunyonyesha kukipungua, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi kabla hujaona hedhi ya kwanza.