Malkia Wawili Mkononi: Jinsi ya Kuamua Kama Utie Chipu Zote

Rafiki yangu anayejifunza poka alinieleza mkono alioutupa, yaani karata alizogawiwa: alikuwa na malkia wawili katika Texas Hold'em, aina ya poka ambamo kila mchezaji hushika karata mbili, mpinzani akasukuma chipu zote, yaani vidonge vyote vya kuwekea dau, kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Tuliupitia hivi.

Hatua ya 1. Tazama nani kati yenu ana chipu chache, kwa kuwa hizo ndizo zinazoshindaniwa.

Hatua ya 2. Tafuta bei. Mezani zilikuwamo chipu 220, pamoja na alizosukuma mpinzani, na rafiki yangu alitakiwa kuongeza 140. Gawa 140 kwa 360, utapata takriban asilimia 39. Ukishinda pungufu ya hapo, kufuata dau ni hasara.

Hatua ya 3. Hesabu mikono ya mpinzani. Hapa ndipo nilipopotea kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nikihesabu majina ya mikono ambayo mpinzani angeweza kusukuma nayo: ree (karata ya A) mbili, wafalme wawili, ree na mfalme, mikono miwili inaniburuza, mmoja tu ninauzidi kidogo, basi natupa. Kinachohesabiwa ni namna ambazo kila mkono unaweza kupatikana. Jozi ya ree hupatikana kwa namna 6, ya wafalme 6, lakini ree na mfalme hupatikana kwa namna 16, yaani ree nne mara wafalme wanne. Malkia wawili hushinda jozi hizo kubwa kwa takriban asilimia 18 tu, na ree na mfalme kwa 56 hivi. Ukizipima zote kwa uzito wake unapata kama 40. Angalia hata hivyo: mpinzani mwoga asukumaye ree na mfalme zikiwa za aina moja tu, kwa mfano zote shupaza, ana namna 4 badala ya 16, nawe unashuka hadi kama 27. Tena, ukishika ree moja wewe mwenyewe, jozi yake ya ree hubaki na namna 3. Fanya hesabu hii kwa kalamu baada ya mchezo. Programu hukupa jibu papo hapo, na mezani utakuwa huna kitu kichwani.

Hatua ya 4. Linganisha. Mpinzani yule alikuwa ameshaonekana akisukuma ree ya kopa na mfalme wa pau, kwa hiyo ilikuwa 40 dhidi ya 39: kufuata kulilipa kwa kiasi kidogo mno, na sikumlaumu kwa kuzitupa.