Kuweka matone ya presha ya macho: maelezo ya fundi cherehani

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo dawa uliyopewa. Matone ya presha ya macho, yaani glakoma kama wasemavyo madaktari, hayatakuongezea kuona hata kidogo. Utaweka mwezi mzima na utaona vilevile kama siku ya kwanza, na pengine jicho litawasha. Ndiyo maana wengi wanaacha. Kazi ya dawa ni kushusha msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho ili usiendelee kuua neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva iliyokwisha kufa hairudi, si kwa matone, si kwa leza, si kwa kisu. Unalinda kilichobaki.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani hapa Moshi mjini. Nikivaa miwani yangu ya kusomea natunga uzi kwenye sindano bila shida, lakini mteja akisimama upande wangu wa kushoto simjui mpaka apige hodi. Ugonjwa huu mara nyingi unakula pembeni na kuacha katikati kwa miaka. Kwa hiyo usijipime kwa gazeti wala kwa tundu la sindano.

Sasa kazi yenyewe. Nawa mikono kwa sabuni, kisha lala chali. Kuna wanaoweka wakiwa wamekaa na kuinua shingo, lakini kwa mtu wa umri wangu kitanda ni bora. Kama kwenye chupa imeandikwa tikisa, tikisa. Kwa kidole kimoja vuta kope ya chini taratibu mpaka ifunguke kama mfuko wa shati. Mkono ulioshika chupa uegemeze kwenye paji la uso ili usitetemeke. Tazama juu, bonyeza, tone moja lidondokee mfukoni. Ncha ya chupa isiguse kope wala jicho, kwa sababu uchafu ukiingia humo utaurudisha jichoni kila siku.

Tone moja tu. Jicho halina nafasi ya kulibeba hata hilo moja zima, sembuse mawili. La pili linateremka shavuni na pesa yako. Piga hesabu: chupa ya mililita 5 hutoa kama matone 100, au zaidi kidogo. Anayeweka macho yote mawili asubuhi na jioni anatumia manne kwa siku, basi inamfikisha karibu mwezi. Akiweka mawili mawili, wiki mbili haziishi amerudi dukani.

Likishaingia, fumba macho polepole. Usikaze, usipepese kope. Halafu bonyeza kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua, uhesabu dakika 2 hivi. Watu huona hii ni mbwembwe ya manesi. Hapana. Pale pana kijitundu kinachopeleka machozi puani na kooni, na ndiyo sababu wengine wanasikia uchungu mdomoni baada ya kuweka dawa. Timolol, mojawapo ya matone haya ya presha, ikipita humo inaingia kwenye damu, na inaweza kupunguza mapigo ya moyo au kubana kifua cha mwenye pumu. Kama una pumu, au uliwahi kuambiwa moyo wako unapiga polepole, mwambie daktari kabla hajaandika. Usidhani dawa ya jicho inaishia jichoni.

Kwa mzee ambaye mkono wake hautulii, au mtu anayefumba jicho kila akiona chupa, iko njia nyingine: alale chali macho yakiwa yamefumbwa, uso umeshasafishwa, tone lidondoshwe kwenye kona ya upande wa pua, kisha afumbue. Litaingia lenyewe.

Ukipewa dawa mbili, subiri dakika 5 kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili inaisukuma ya kwanza nje.

Kuhusu muda, funganisha dawa na jambo ambalo hulisahau. Timolol kwa kawaida ni mara mbili kwa siku, nami naweka baada ya swala ya alfajiri na baada ya magharibi, takriban saa kumi na mbili na saa kumi na mbili. Latanoprost, aina nyingine ya matone haya, ni mara moja, jioni au usiku. Ramadhani siachi: naweka wakati wa daku na baada ya kufuturu, wala sina haja ya kubishana na mtu kama tone linafunguza. Ukisahau, weka unapokumbuka. Lakini kama wakati wa tone lijalo umekaribia, ruka, usifidie kwa kuweka maradufu.

Siku unayofungua chupa, bandika kipande cha plasta na uandike tarehe. Nyingi zinatakiwa kutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, hata kama kuna kilichobaki. Usiiache juani wala karibu na pasi. Na mafundi wenzangu, chupa ya dawa isikae droo moja na supa gluu. Ukubwa ni ule ule, ncha ni ile ile, na kuna watu waliokwisha kugandisha macho namna hiyo. Ikitokea, mwagia maji mengi, usilazimishe kufungua kope, nenda hospitali.

Nikiwa kwenye habari za kibanda: sindano ya cherehani ikivunjika kwenye jinzi, kipande kinaruka. Kikichoma jicho usikitoe, usisugue, usioshe. Funika kwa sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi bila kukandamiza, uende siku hiyo hiyo. Hata ngumi au mpira ukilipiga jicho, presha inaweza kupanda miaka mingi baadaye, kwa hiyo taja ajali hiyo unapopimwa. Na usijinunulie matone ya deksamethasone kwa sababu macho mekundu ya jirani yalipona. Dawa za jamii hiyo, ziitwazo steroidi, zenyewe zinaweza kupandisha presha ya jicho.

Mwisho kuna swali la kumuuliza daktari wako: je, leza inanifaa? Utafiti uliofanyika hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, uliwagawa wagonjwa 201 kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa timolol, jingine leza iitwayo SLT, mwanga unaoelekezwa kwenye kichujio ambacho maji ya jicho hupitia kutoka. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Kwangu mimi hiyo si habari ndogo, maana waliopimwa ni watu wa huku kwetu, wenye macho kama yetu na safari ndefu za kufika kliniki. Ila leza haipo kila hospitali, si kila jicho linaitikia, na wengine presha huwarudia. Usiache matone kwa sababu umesoma haya. Upasuaji nao upo, wa kuyafungulia maji njia mpya, na daktari akiutaja mapema usidhani anataka kukuharakisha.

Kisha waite ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wakubwa, kwa sababu ugonjwa huu unatembea kwenye damu, na sisi Waafrika unatushika zaidi na mapema zaidi. Aliyefika miaka 40 asingoje dalili. Aombe vitu vitatu: kupimwa presha ya jicho, kuangaliwa neva iliyo nyuma ya jicho, na kile kipimo cha kubonyeza kitufe kila uonapo nukta ya mwanga. Presha peke yake haitoshi. Wapo ambao ni ya kawaida na neva inaharibika. Akienda, abebe jina la dawa yako kwenye karatasi.