Kuipandisha bendi ya vituko jukwaani Mombasa

Bendi yenye zumari, taishokoto (ala ya nyuzi yenye vitufe), debe la mafuta na mpiga kengele za baiskeli aliyejifunga kanga kichwani haikosi watazamaji Mombasa. Inachokosa ni mwaliko wa pili. Mara nyingi kosa si la muziki: watu wamekaa, maiki inapiga mluzi, saundi inapimwa saa nzima na mwenye ukumbi anaangalia saa yake. Maelezo haya ni ya bendi ya watu sita hadi wanane inayopiga mikahawani, kwenye kumbi ndogo na kwenye matamasha ya pwani.

Anzeni na karatasi moja ya A4, mmtumie mtu wa saundi siku tatu kabla. Chorani jukwaa kama anavyoliona yeye akiwa kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), yaani upande wa watazamaji. Kila ala iandikwe inapokaa, inataka maiki au waya, na nani anauleta. Njia nane za mikisa zinatosha: waimbaji wawili, taishokoto, kibodi, besi, ngoma ya msondo, kisha ngoma za chapuo na vumi kwa maiki moja, na ya nane ni maiki ya vituko. Debe, kengele, upatu, sufuria, vyote vipigwe mbele ya maiki hiyo moja. Bendi inayodai maiki ya kila kijiko huishia kupewa nne kwa jumla, tena zile mbovu.

Zumari haimo kwenye hesabu hiyo kwa makusudi. Katika ukumbi wa watu sitini haihitaji maiki. Inahitaji mahali pa kusimama. Maiki za kuimbia husikia zaidi kilicho mbele yake na kidogo sana kilicho nyuma. Mpulizaji akisimama nyuma ya mwimbaji, zumari yote inaingia kwenye maiki ya sauti na maneno yanapotea. Asimame ukingoni, hatua moja mbele ya waimbaji, mdomo wa zumari ukielekea kwa watu. Nje kwenye uwanja mpeni maiki, lakini iwe kando ya ala, umbali wa nusu mita. Ikitazamana na mdomo wa zumari, mikisa itapiga nyekundu jioni nzima.

Tatizo kubwa la zumari ni ulinganifu. Ngazi yake haifuati kibodi, na hakuna kitufe kitakachozifanya zifanane kabisa. Kinachowezekana ni hiki: zumari ishike noti yake ya msingi, muipime kwa programu ya simu, kisha kibodi isogezwe kutoka 440 Hz, kipimo chake cha kawaida, mpaka noti hiyo moja ikubaliane. Zumari inapoongoza, kibodi ishike besi tu au inyamaze. Akodi nzima chini ya zumari husikika kama redio mbili zimefunguliwa pamoja, na hapo watu hudhani mmelewa.

Taishokoto nayo ina mambo yake. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikapata makao katika taarab ya Mombasa. Mwimbaji Zuhura Swaleh ni miongoni mwa walioitangaza. Sauti ya taishokoto ni ndogo, kwa hiyo kuiwekea maiki ya kawaida karibu na ngoma ni kukuza ngoma. Bandikeni maiki ya pieizo (inayonasa mtikisiko wa ubao) kwenye ubao wake karibu na daraja la nyuzi, kwa gundi laini inayobanduka, na waya upite kwenye kisanduku cha DI, kinachounganisha ala na mikisa, chenye ingizo la megaomu 1 au zaidi. Pieizo ikichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, uzito wa sauti huondoka na kubaki kwaruzo. Vitufe vinavyogonga navyo husikika. Punguzeni sauti za juu kidogo tu, maana mgongo huo wa vitufe, yaani ko-ko yake, ndio utamu wenyewe. Hewa ya bahari hula nyuzi za chuma, hivyo zifuteni kwa kitambaa kikavu kila baada ya shoo, na mbebe seti ya akiba.

Unyevu ndio adui wa ngozi. Ngoma iliyokuwa kali saa tisa alasiri huwa imelegea ikifika saa mbili usiku, hasa masika. Ipasheni kwa seredani ya makaa, ngozi ikiwa mbali kiasi cha kuweza kuweka kiganja hapo bila kukitoa, huku mkiizungusha. Gongeni kila baada ya dakika moja. Sauti ikipanda, acheni. Ngozi iliyozidishiwa moto hupasuka katikati ya wimbo wa pili. Na kama ukumbi ni wa makuti, seredani iwekwe nje kabisa, upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye paa.

Kwenye umeme, soketi moja ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, inayotosha bendi ndogo. Mkahawani, ulizeni friji na mashine ya kukaangia zimechomekwa wapi, mkae mbali na laini hiyo. Mkisikia mvumo mzito usiokoma, kwa kawaida vyombo vimechomekwa soketi za pande tofauti za ukumbi. Vyote vitoke soketi moja, kisha mjaribu swichi ya kuinua ardhi kwenye DI, inayokata ardhi ya waya wa sauti tu. Kuna mafundi hukata waya wa ardhi wa umeme ili mvumo uishe. Msikubali, hata kama mvumo umeisha kweli: chombo kikiharibika, umeme utapitia kwa mwenye kushika maiki.

Mji wa Kale una misikiti mingi, na ratiba hupangwa kwa adhana. Magharibi huingia takriban kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 jioni kutegemea mwezi, na Isha zaidi kidogo ya saa moja baadaye. Pimeni sauti baada ya Alasiri, mmalize kabla ya Magharibi, shoo ianze Isha ikishapita. Kupima sauti kuchukue dakika 25: ngoma, besi, kibodi, taishokoto, waimbaji, kisha wimbo mmoja mzima, ule wenye kelele kuliko zote. Maiki ikipiga mluzi, shusheni monita (spika zinazowaelekea wapigaji) kwanza, kisha hakikisheni spika kubwa ziko mbele ya maiki. Mwimbaji asiifumbate maiki kichwani. Akifanya hivyo inaanza kusikia pande zote. Kibali cha kelele ni kazi ya mwandaaji, lakini ombeni kukiona.

Tamashani mtapewa dakika 40, na nyimbo za taarab hujinyoosha. Pangeni tano, na wa tano uwe ule unaoweza kukatwa. Vituko navyo vipangwe vifunike kazi: taishokoto inapokazwa upya, mpiga kengele ateremke kwa watu, ngozi inapobadilishwa, debe lipige peke yake. Kituko kisichofunika kitu hula muda wa wimbo.

Watu wakija kutunza, awepo mmoja asiyepiga ala wa kuzipokea pesa na kuwaelekeza wapite upande usio na nyaya. Noti zikirundikwa juu ya kibodi, vitufe vinabonyezwa. Malipo ya shoo yenyewe yaandikwe hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp: kiasi, nusu ya kutangulia, saa za kupiga, nauli, chakula.

Safari ya Lamu huishia Mokowe kisha mashua, kwa hiyo kila ala ifungwe kwenye nailoni nzito kabla ya kufika gatini, na pieizo, DI na nyuzi zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo. Wakati wa kufungasha, kila mtu akunje waya wake mwenyewe na kubandika tepu yenye jina la bendi. Waya mweusi usio na alama huondoka na bendi inayofuata.