Kufunga Nondo kwa Safari ya Tunduma: Mwongozo kwa Dereva Atakayeulizwa

Kwa miaka yote niliyoendesha semi-tela kati ya Dar es Salaam na Tunduma, mzigo ninaouheshimu kuliko mingine ni nondo. Saruji ikihama hupasua mifuko, ilhali nondo zikihama huingia kabini. Mwongozo huu unafuata safari moja: tani 28 za nondo za mita 12 kwenye tela la wazi la ekseli (mihimili ya magurudumu) tatu, linalovutwa na kichwa chenye ekseli tatu.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kusaini

Kabla ya kutia sahihi kwenye hati ya mzigo unaweza kukataa, na ukishaitia, mwenye mzigo barabarani ni wewe. Hoja ya kwamba nondo zilipangwa na watu wa ghalani haijamsaidia dereva yeyote ninayemfahamu, kwa sababu askari wa usalama barabarani akifika kwenye ajali humkuta dereva, hamkuti mpakiaji. Piga picha za mzigo pande zote nne, na kama kuna furushi lililokatika waya, liandike kwenye hati yenyewe badala ya kuridhika na maelezo ya mdomo. Kwa kontena lenye lakiri, ambalo huruhusiwi kulifungua, linganisha namba ya lakiri na ile ya hati, kagua kufuli nne za pembeni zinazolishikilia kontena kwenye tela, kisha andika kwamba hukushuhudia upakiaji.

Hatua ya 2: Hesabu uzito kwa ekseli

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa na 24 kwenye ekseli tatu za tela, yaani jumla ya tani 50 kwa gari kama hili. Nondo za mita 12 hujaza jukwaa lote, kwa hiyo hazikupi nafasi kubwa ya kuchagua. Ukibeba koili au marobota mafupi, usiyarundike mbele, kwa maana utafika mizani ya Vigwaza jumla ikiwa halali huku ekseli za kichwa zikiwa zimezidi.

Hatua ya 3: Weka mpira chini ya mzigo

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea kwa miaka kadhaa. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinakubaliana kwamba mzigo ufungwe ili uhimili, wakati wa breki kali, msukumo wa kwenda mbele unaolingana na asilimia 80 ya uzito wake. Kwa nondo zetu hiyo ni nguvu ya tani 22.4. Chuma kikilala juu ya chuma, msuguano hushika kama asilimia 20 tu ya uzito, yaani tani 5.6, na tani 16.8 zinazobaki ziitegemee mikanda na ukuta wa mbele wa tela. Ukitandika mpira mzito wa kuzuia utelezi chini ya mafurushi na kati ya tabaka moja na jingine, msuguano hupanda hadi karibu asilimia 60, na hesabu inageuka: mpira unashika tani 16.8 na zinabaki 5.6. Fagia mchanga na ufute mafuta kwanza, la sivyo mpira wenyewe utateleza. Mafurushi yaguse ukuta wa mbele bila kuacha mwanya.

Hatua ya 4: Soma lebo ya mkanda, kisha funga

Lebo ya mkanda wa recheti (kifaa cha mkono cha kukazia mkanda) wa milimita 50 huwa na namba mbili, na wengi husoma ile kubwa tu. LC ya 2,500 maana yake ni kwamba mkanda unahimili takriban tani mbili na nusu ukivutwa moja kwa moja. STF, ambayo mara nyingi ni kama 300, yaani takriban kilo 300, ndiyo nguvu inayobaki kwenye mkanda baada ya mkono wako kukaza recheti. Mkanda uliopitishwa juu ya mzigo huukandamiza tu, pengine kwa kilo 600 ukihesabu pande zote mbili, na juu ya chuma kitupu hilo linakuongezea kilo 120 za kuzuia utelezi. Mikanda kumi ya namna hiyo haifikii tani moja na nusu.

Mikanda bado inahitajika, kwa kuwa mashimo ya barabara hurusha mzigo, na mzigo ulio hewani hauna msuguano. Kwa nondo, hata hivyo, natumia minyororo inayozungushwa furushi zima na kulibana kabla ya kushikizwa kwenye tela, mmoja ukivuta mbele na mwingine nyuma. Mlima Kitonga hupandwa ukielekea Tunduma, kwa hiyo hapo nondo hutaka kurudi nyuma. Siku niliyofunga kwa mikanda ya juu peke yake, pundamilia alikatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi, nikashika breki, na furushi la katikati likasogea shubiri nzima na kuubonyeza ukuta wa mbele. Mwendo wangu ulikuwa chini ya kilomita 50 kwa saa.

Hatua ya 5: Chora chaki, kisha simama

Chora mstari wa chaki unaoanzia kwenye nondo na kushuka hadi kwenye fremu ya tela, pande zote mbili. Mstari ukikatika, mzigo umehama, hata kama mikanda bado inalia ukiipiga kwa kiganja. Kanuni za Marekani humtaka dereva akague ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila baada ya saa tatu au maili 150, na mimi nimeuchukua utaratibu huo: Mlandizi, kabla ya kuingia Mikumi, kabla ya Kitonga, na kuendelea. Utingo akague upande wake, lakini wewe pia uzunguke.

Hatua ya 6: Ajali ikitokea

Simama, washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbele na nyuma, wahudumie majeruhi na upige 112. Wazuie watu wasiukaribie mzigo, kwa sababu furushi lililoegemea mnyororo huporomoka bila ishara. Kama lori lililoanguka ni la mafuta, wazuie kwa nguvu zaidi: Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu zaidi ya 100 walikufa lori lilipolipuka wakati mafuta yakichotwa. Kisha, kreni ikifika, mwombe askari akuruhusu upige picha za kila mnyororo na kila recheti kabla ya kitu kukatwa, pamoja na mstari wa chaki kama bado unaonekana.